Chakula cha moto cha Mama: uzoefu wangu na Meals on Wheels

Kama una mzazi mzee hapa Marekani anayeshinda peke yake nyumbani, omba Meals on Wheels, huduma ya kuwapelekea wazee chakula nyumbani, mapema. Nasema mapema kwa sababu sehemu nyingi kuna foleni, na sisi tulisubiri hadi nikaanza kukata tamaa. Kiharusi kilimwacha Mama na mkono usioweza kuinua sufuria, nami natoka alfajiri kwenda kazini.

Sharti kubwa ni umri wa miaka 60 na kuendelea, na kwamba kutoka au kujipikia ni shida. Fedha nyingine zinatoka serikali kuu kupitia sheria ya wazee ya mwaka 1965, na chini ya sheria hiyo hanyimwi mtu chakula kwa kukosa cha kuchangia. Kwetu huletwa bahasha, unaweka ulichonacho. Mama mwanzoni aligoma, akisema yeye hajawahi kula cha msaada. Bahasha ndiyo iliyomlainisha: anatia dola zake, anaibandika, anaikabidhi kwa mkono wake.

Chakula chenyewe ni kuku wa kuoka, viazi vya kuponda, mboga, mkate, tunda, maziwa. Kila mlo unatakiwa utimize theluthi ya mahitaji ya mwili kwa siku, na chumvi ni ya kuhesabu, jambo linalomfaa mwenye presha. Kwa mtu wa Tanga, ladha ni pooza. Namwachia kachumbari na ndimu kwenye friji. Ugali na samaki tunakula jioni.

Sifa zangu zote ziende kwa wanaoleta. Wengi ni wastaafu, wanaendesha magari yao wenyewe, na kwenye theluji pia wanakuja. Wanabisha hodi na kusubiri Mama akokote miguu hadi mlangoni. Chakula hakiachwi kizingitini: asipofungua, wanapiga simu ofisini, na ofisi inanipigia mimi. Ni mmoja wao aliyeona miguu yake imevimba, akatoa taarifa, tukawahi hospitali. Kuna kijana kajifunza kumwamkia "shikamoo". Mama anaitikia "marahaba" hadi jirani wa juu anasikia.

Kasoro ipo. Jumamosi na Jumapili hawaji. Ijumaa wanaacha vilivyogandishwa, na Mama hawezi kubandua plastiki ile kwa mkono mmoja, hivyo lazima awepo mtu. Tena tulishauriwa tuhamie kwenye boksi la vyakula vilivyoganda, linaloletwa mara moja kwa wiki. Nilikataa palepale. Boksi haliwezi kuona miguu iliyovimba. Na wewe ukipewa uchaguzi huo, shikilia cha moto, kila siku ya kazi, hata kama menyu ya boksi inavutia zaidi.

Usipojua pa kuanzia, piga simu ya Eldercare Locator, huduma ya kuwatafutia wazee msaada, 1-800-677-1116, uwaambie eneo unaloishi. Watakuelekeza kwenye ofisi ya wazee iliyo karibu nawe.