Uzoefu wangu: niliomba duara, nikapewa pembe 32

Bei ilikuwa nzuri, hilo tuliache. Nilipeleka faili ya mchoro kwa mafundi fulani hapa Lubumbashi wanaokata pleksi, ile plastiki ngumu ya vibao, kwa mashine ya kompyuta. Kibao cha saluni ya dada yangu kule Kamalondo: duara lenye upana wa sentimita 60, rangi ya kijani cha malakiti. Siku ya kukichukua nikapitisha kidole ukingoni, kikagota kwenye pembe. Nikapitisha tena, pembe nyingine. Nikazihesabu palepale huku mzee mwenye mashine ananitazama kama nimerukwa na akili. Ziko 32, na kila upande ni karibu sentimita 6 zilizonyooka kabisa.

"Mudogo yangu," akaniambia, macho kwenye simu, "mashini njo inakata, haiko miye."

Hapo damu ilinichemka. Mashine inakwenda inakotumwa! Faili yangu ilikuwa na mipindo ya Bézier, yaani mistari iliyopinda ambayo kompyuta inaichora kwa kufuata pointi chache, kila mmoja pointi 4 tu. Mpindo huo unaugawa kwa kutafuta nusu ya njia kati ya pointi na pointi, kisha nusu kati ya hizo nusu, mpaka ibaki pointi moja, na hapo ndipo mpindo unapogawanyika vipande viwili. Mwanahisabati Paul de Casteljau aliupata ujanja huu akiwa kampuni ya magari ya Citroën, Ufaransa, mwaka 1959. Na kugawa hakuharibu kitu: vile vipande viwili ukiviunga ni mpindo uleule. Kosa linaingia pale programu inapoacha kugawa na kuweka mstari ulionyooka mahali pa kipande. Na inaacha pale mwenye mashine alipoiambia iache.

Kwa pande 32, katikati ya kila upande ukingo umeingia ndani ya duara milimita 1.4. Kata kila kipande nusu, kosa linabaki robo. Rudia mara moja tena, zinakuwa pande 128, kosa halifiki milimita 0.1, na kidole hakisikii kitu. Kwa kompyuta hiyo si kazi hata kidogo. Ni uvivu tu, na dharau juu yake.

Nilishaamua kuandika "msiende kabisa" pale kijana msaidizi aliponivuta pembeni. "Yaya, ngoja kidogo." Akafungua mipangilio: kosa linaloruhusiwa, milimita 2. Akafuta, akaandika 0.1, akakata upya. Safi! Ukingo mlaini mzunguko mzima, na kusema kweli sijaona kazi nzuri hivyo mjini. Nikataka kumkumbatia.

Halafu mzee akainua kichwa kwa mara ya kwanza, kunidai pesa ya pleksi ya pili.

Nimelipa, dada alikuwa anasubiri. Kwa hiyo nendeni. Hapana, msiende... Kijana akiwepo, nendeni. Mkimkuta mzee peke yake, awaonyeshe kwanza ile namba kabla hajawasha mashine, na akianza habari za "mudogo yangu", chukueni faili yenu muondoke.