Kamera ya kibofu: mwangalie kwanza anayekuwekea jeli

Sistoskopi, ambayo wengi huiita kamera ya kibofu, ni kipimo cha kupitisha mrija wenye kamera kwenye njia ya mkojo hadi ndani ya kibofu. Ziko mbili, na hazifanani. Ya mrija laini unaopinda, mnene kama milimita 5, hufanyika kliniki ukiwa macho, kwa dakika 5 hadi 10, kisha unarudi nyumbani kwa miguu yako. Ya chuma ni nene zaidi na haipindi. Hufanyika thieta (chumba cha upasuaji), mara nyingi kwa sindano ya mgongo au usingizi, kwa hiyo usile kwa saa 6 kabla.

Kwa kutafuta tu chanzo cha kukojoa damu, tunachagua mrija laini, hasa kwa mwanaume, ambaye njia yake ya mkojo ina urefu wa karibu sentimita 20 na kona zake. Ya mwanamke ni sentimita 4 hivi. Chuma kina kazi yake: kuvunja jiwe, kukata kinyama kikubwa, kunyonya mabonge ya damu. Kuna vituo vyenye chuma peke yake, basi uliza kabla ya kulipa.

Huduma nyingi huharibikia kwenye jeli. Mwanaume huwekewa kama mililita 10 za jeli ya lignokeini, dawa ya ganzi, ya asilimia 2. Ikisukumwa kwa kasi inachoma. Ikisukumwa taratibu unahisi ubaridi tu. Kisha uume hubanwa kidogo isimwagike, na hapo watu husubiri, dakika 5 kwa uchache, 10 ni bora. Foleni ikiwa ndefu, subira hiyo ndiyo ya kwanza kukatwa, na jeli inabaki kuwa kilainishi tu. Una haki ya kusema, "Sista, naomba tusubiri ganzi ishike." Hakuna muuguzi mzuri atakayenuna.

Mrija ukifika kwenye tezi dume, karibu kila mwanaume hukaza makalio, na kukaza ndiko kunakouma. Toa pumzi polepole, chezesha vidole vya miguu, jifanye unakojoa. Baada ya hapo kibofu hujazwa maji ya chumvi, mililita 200 hadi 400, na utahisi mkojo umekubana kweli kweli. Ni kawaida, ila ikizidi sema. Omba skrini igeuzwe upande wako. Kwa aliyekulia kwenye kichocho, Unguja, Pemba au kusini mwa Ziwa Victoria, daktari anaweza kukuonyesha mabaka ya rangi ya mchanga ukutani mwa kibofu: ni mayai ya zamani ya minyoo ya kichocho yaliyokauka humo.

Kituo kisichopima mkojo kwanza tunakipa alama ya chini. Ukiwa na UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), kipimo kiahirishwe, kwa sababu kuingiza mrija na maji kwenye kibofu chenye bakteria kunaweza kuwapeleka kwenye damu. Taja pia dawa zote za kuyeyusha damu unazotumia, lakini usiziache kwa uamuzi wako.

Usafi unapimwa kwa hesabu. Mrija hupigwa brashi ndani, hulowekwa kwenye dawa (glutaraldehaidi ya asilimia 2 kwa dakika 20 hivi), kisha husuuzwa vizuri, maana dawa iliyobaki huunguza njia ya mkojo. Basi mrija mmoja ukihudumia watu watano ndani ya saa moja, kuna hatua imerukwa.

Baadaye kunywa maji kama nusu lita kila saa kwa saa 2, isipokuwa kama umekatazwa maji mengi kwa ajili ya moyo au figo. Kuchoma na mkojo wa waridi kwa siku 1 au 2 visikutishe. Homa ya 38 yenye kutetemeka, mabonge ya damu, au kibofu kujaa na mkojo kugoma, rudi hospitali hata kama ni usiku.

Kamera hii haioni figo. Ikikuta kibofu safi na bado unakojoa damu, bado unahitaji picha za juu huko, ultrasaundi au CT.

Na kama umekatwa kipande cha kinyama kibofuni, mara nyingi ndugu ndiye hukabidhiwa kichupa chenye kipande hicho ndani ya formalini, dawa ya kukihifadhi, akipeleke maabara. Aangalie jina limeandikwa kwenye kichupa chenyewe. Vifuniko hubadilishana.