Utengano au Sikate Tamaa?

Said Ahmed Mohamed, mwandishi wetu wa Zanzibar, wengi tunamjua kwa riwaya. Mwaka 1980 ilitoka Utengano, na mwaka huohuo diwani yake ya mashairi, Sikate Tamaa. Riwaya inakushika kwa kisa: Maimuna, binti wa Bwana Maksuudi, anatawishwa ndani, nawe huwezi kuweka kitabu chini.

Diwani, ambayo nasikitika tumeipita, ndiyo ninayokwenda nayo barazani. Nasoma shairi moja kwa sauti, wazee wanataka nirudie. Hata jina lina ushairi: “usikate” limepunguzwa silabi kwa inkisari, likawa jepesi mdomoni, kama mtu anayekunong’oneza.

Mwenye siku mbili, Utengano. Mwenye nusu saa kabla ya magharibi, diwani. Mimi ningeanza na diwani.