Dang'a ya ng'ombe: ipi ununue, ipi uiache dukani

Siku hizi dang'a ya ng'ombe, yaani maziwa yake ya kwanza baada ya kuzaa, inauzwa mitandaoni kwa kila umbo: unga, kapsuli, hata pipi za kutafuna. Matangazo yanaahidi nywele ndefu, ngozi nyororo na tumbo bapa. Kwa mambo hayo hakuna ushahidi wa kumfanya mtu atoe fedha yake. Kwa afya ya utumbo, na kwa mafua ya wanamichezo, ushahidi upo; ni mdogo, lakini ni wa kweli, na umetokana na vipimo vikubwa kuliko vinavyoandikwa kwenye chupa nyingi. Kwa hiyo nimezipanga bidhaa hizi kwa swali moja: ukitumia kama lebo inavyosema, utafikia kiasi walichopewa watu kwenye tafiti?

Kwanza ujue unachonunua. Ng'ombe hampi ndama kinga kupitia kondo la nyuma kama afanyavyo mama wa binadamu. Ndama huipata kwa kunyonya dang'a, na ana saa 24 hivi kabla utumbo wake haujaacha kuipitisha. Ndiyo maana dang'a nzuri hubeba gramu 50 au zaidi za kingamwili aina ya IgG kwa kila lita, wakati maziwa ya kawaida huwa na chini ya gramu 1. Humo mna pia protini iitwayo laktoferini na vichochezi vya ukuaji kama IGF-1. Mtu mzima akiinywa, kingamwili hizo haziendi kwenye damu yake. Kama zina kazi, zinaifanyia tumboni. Muuzaji anayesema kinga ya ng'ombe itahamia kwenye damu yako anakupotosha.

Sasa vipimo. Uingereza, kundi la watafiti akiwemo Raymond Playford liliwapa watu gramu 20 kwa siku kwa wiki mbili, kisha likawafanyisha mazoezi makali. Mazoezi ya namna hiyo hulegeza ukuta wa utumbo, lakini kwa waliokunywa dang'a ulegevu huo ulipungua sana. Tafiti za mafua kwa wanamichezo nazo zimetumia gramu 10 hadi 20 kwa siku, kwa wiki kadhaa. Kaskazini mwa Uganda, utafiti uliochapishwa 2011 uliwahusu watu wenye VVU waliosumbuliwa na kuharisha. Walioongezewa chakula chenye dang'a walipata nafuu kuliko wenzao. Malawi, watoto wa miezi 9 waliopewa unga wa dang'a pamoja na yai hawakudumaa sana kama waliopewa unga wa mahindi na soya. Huo wa Malawi unanipa moyo, ila yai lenyewe hujenga mtoto, kwa hiyo sifa haiwezi kwenda yote kwa dang'a.

Kwa kigezo hicho, nafasi ya kwanza naipa unga mtupu wa dang'a, usiochanganywa na kitu. Ndio pekee unaokuwezesha kufikia gramu 10 kwa siku bila taabu. Usinunue kopo ambalo halijaandika asilimia ya IgG. Mimi huanzia 20 kwenda juu. Uzito wa kopo unaweza kukuhadaa. Kopo la gramu 200 lenye IgG asilimia 25 lina gramu 50 za IgG, na la gramu 300 lenye asilimia 12 lina gramu 36 tu, ingawa ndilo linaloonekana kubwa. Gawanya bei kwa gramu za IgG, si kwa gramu za unga. Tazama pia kama mtengenezaji anaeleza dang'a ilikamuliwa lini, maana IgG hushuka haraka kuanzia mkamuo wa pili, na kama ilikaushwa kwa joto la chini. New Zealand na Australia huuza nje kwa wingi. Hakikisha mzigo umepita kwa mamlaka za viwango, TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya. Nyumbani, koroga kwenye maji ya baridi au vuguvugu. Ukiumwaga kwenye chai inayochemka, kingamwili ulizolipia zinaharibika.

Ya pili ni dang'a mbichi ya mfugaji unayemfahamu, lakini ichemshwe. Ikichemka huganda kama jibini laini, kwa wingi wa protini zake. Wahindi wa Maharashtra huipika kwa mvuke pamoja na sukari na iliki, wakaiita kharvas. Kingamwili nyingi hupotea kwa moto, kwa hiyo hesabu kwamba umenunua chakula kizuri cha bei nafuu, si dawa. Usikubali kuinywa mbichi hata ukiambiwa ndiyo yenye nguvu, kwani bruselosi na kifua kikuu cha ng'ombe hupita humo. Muulize mfugaji kama ng'ombe aliwekewa antibiotiki kwenye chuchu alipoachwa kukamuliwa kabla ya kuzaa, kwa sababu mabaki yake huweza kutoka na mikamuo ya mwanzo. Na muulize kama ndama ameshiba. Anahitaji kama asilimia 10 ya uzito wake katika saa za mwanzo, na akikosa anaweza kufa. Mimi sinunui kwa anayemnyima ndama.

Ya tatu ni vidonge vya dang'a ya ng'ombe waliochanjwa dhidi ya vijidudu maalumu, kama Travelan ya Australia inayolenga bakteria wa E. koli wanaosababisha kuharisha safarini. Vinamfaa msafiri, si mtumiaji wa kila siku.

Kapsuli ziko nyuma kabisa ingawa ndizo zinazouzika. Nyingi zina miligramu 500. Kufikia gramu 10 utameza 20 kwa siku, na chupa ya 120 itaisha siku ya sita. Lebo inakwambia umeze mbili au nne, yaani gramu 1 au 2. Pipi za kutafuna, na michanganyiko ya kolajeni isiyotaja kiasi cha dang'a, ziache dukani.

Mwenye mzio wa maziwa asiguse yoyote kati ya hizi. Anayetibiwa saratani azungumze na daktari wake kwanza, kwa sababu ya vichochezi vya ukuaji. Mwanamichezo anayepimwa dawa za kuongeza nguvu ajue kwamba WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa hizo, haijapiga marufuku dang'a, lakini haishauri kuitumia, kwa kuwa IGF-1 iliyomo inaweza kuathiri majibu. Na kama unanunulia mtoto mchanga, rudisha fedha mfukoni: dang'a yake iko kwa mama yake, anyonyeshwe ndani ya saa ya kwanza, na maziwa hayo ya manjano yasikamuliwe yakamwagwa kwa kudhaniwa machafu.

Ukishanunua unga, anza na gramu 3 kwa siku kadhaa uone tumbo linavyopokea, hasa kama maziwa huwa yanakujaza gesi, kisha panda taratibu mpaka 10. Nunua kopo moja tu kwanza. Likiisha bila nafuu yoyote ya kile ulichokuwa unatafuta, usiagize la pili.