Wanyama wa Minecraft kwa macho ya daktari wa mifugo: uzoefu wangu

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya mbwa, na nitafika huko.

Mimi ni mtu wa afya ya mifugo hapa Nakuru. Asubuhi niko Bahati kwa ng'ombe aliyevimba kiwele, mchana Njoro kwa nguruwe, na jioni simu hailali kwa sababu kupe hawana wikendi. Mtu wa kazi hii ukimwonyesha mchezo wenye wanyama hatasifu picha, atauliza wanakula nini. Aliyeniingiza ni mpwa wangu, likizo ya Agosti, tena kwa simu yangu mwenyewe. Yeye hujenga maghorofa na kuyabomoa. Mimi nimebaki na wanyama.

Kwa asiyeujua: Minecraft ni dunia iliyojengwa kwa vipande vya mraba, kazi ya kampuni ya Mojang ya Uswidi. Ilitoka rasmi mwaka 2011, na 2014 Microsoft wakainunua Mojang kwa dola bilioni 2.5. Mengine utayaona mwenyewe.

Nianze na ng'ombe, maana ndio mkate wangu. Huko hakuna dume wala jike. Unawapa ng'ombe wawili ngano (ngano, si majani ya nepia, wakulima wa ngano wa Njoro wafurahi), wanatokwa na mioyo myekundu kichwani, ndama anazaliwa hapo hapo. Dakika 20 baadaye ndama ni ng'ombe mzima. Maziwa unakamua kwa ng'ombe yeyote saa yoyote, awe amezaa au hajazaa, na hayaishi. Mkulima wa Bahati akisikia hivi atauza shamba ahamie humo. Jambo moja lilinichekesha zaidi: ukiwa umelishwa sumu kwenye mchezo unakunywa maziwa na sumu inaisha. Sasa mimi kila mwezi naitwa kwa mbwa aliyekula sumu, nakuta ameshanyweshwa nusu lita ya maziwa na jirani. Maziwa si dawa ya sumu, jamani. Mleteni mbwa mapema.

Paka wamewapatia. Unasimama na samaki mbichi mkononi, unatulia, paka anakaribia kwa hatua za mashaka. Ukimkimbilia anatoroka na inabidi uanze upya. Hivyo ndivyo paka walivyo, na mtoto aliyezoea kumvuta paka mkia atajifunza hapo kuliko nikimwambia mimi. Halafu paka ana faida: Creeper, yule kiumbe wa kijani anayekujia kimyakimya na kulipuka, humkimbia paka. Nyumba yangu ya mchezoni ina paka mlangoni.

Kasuku wana kisa ninachowasimulia wateja. Mwaka 2017 watengenezaji walipokuwa wakiwaandaa, mpango ulikuwa kasuku afugwe kwa kupewa biskuti zenye chokoleti. Watu wakapiga kelele kwamba chokoleti humuua kasuku wa kweli, na mtoto angeweza kwenda kujaribu kwa ndege wa nyumbani. Wakabadilisha. Sasa kasuku anafugwa kwa mbegu, na ukimpa biskuti anakufa papo hapo. Wamefanya zaidi ya kuiondoa hatari, wameiacha mle ndani ili mtu aione. Mbwa naye chokoleti ni sumu kwake, kwa hiyo somo linafika mbali. Ningependa tu mtoto aelewe kwamba kumkamata kasuku msituni ni jambo la mchezoni. Kasuku wa kijivu waliobaki msitu wa Kakamega ni wachache mno, na tangu 2016 CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyamapori, umewaweka kwenye daraja la juu kabisa la ulinzi.

Punda! Nilidhani watamsahau, kama anavyosahaulika kwenye kila kitu. Yupo. Unampanda, anakuangusha, unampanda tena, anakuangusha, mpaka siku akikubali. Ndipo unamfunga kreti la mizigo mgongoni. Ukimkutanisha na farasi unapata baghala, na baghala huyo hazai, sawasawa na maumbile: farasi ana kromosomu 64, punda 62, baghala anabaki na 63 zisizogawanyika vizuri. Nilipomweleza mpwa wangu haya aliniambia, "Anko, hebu niache nicheze." Haya. Lakini mimi niliyeona punda wa watu wakiibwa usiku miaka ile ya vichinjio vya punda vya Naivasha na Mogotio, kabla serikali haijapiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, nilifurahi kumkuta mahali anapoheshimiwa.

Sasa mbwa. Kumpata ni rahisi na ni vizuri: unamkuta mbwa mwitu, unamrushia mifupa, mmoja, wa pili, labda wa tano, mpaka akubali na kuvaa ukanda mwekundu shingoni. Tangu Aprili 2024 wapo wa aina tisa kulingana na mahali, na yule wa nyanda za nyika ana madoadoa kama mbwa mwitu wetu wa Laikipia. Mwaka huo huo waliongeza armadilo, mnyama wa Amerika mwenye magamba anayemkumbusha mtu kakakuona. Unamsugua kwa brashi, unakusanya magamba sita, unamtengenezea mbwa deraya. Mkia wa mbwa ni kipimo cha afya: akiumia mkia unashuka, ukimlisha unapanda. Aliyefikiria hilo amewahi kufuga.

Tatizo ni kwamba hana njaa. Unamlisha akiumia tu, na hata nyama iliyooza anakula bila kudhurika. Ukimwambia akae, atakaa. Mpwa wangu alimketisha mbwa wake mlangoni, akaenda shule ya bweni muhula mzima, akarudi akamkuta ameketi pale pale, mnene, macho kwa mwenyewe. Akaona ni upendo mkubwa. Mimi niliona mbwa wa mawe. Nusu ya mbwa ninaotibu mjini ni wa watu waliodhani mbwa ni kitu cha kuketisha getini: hana chanjo, hana maji, amefungwa mchana kutwa, akimuuma mtoto ndipo ninapigiwa simu. Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na lengo hilo linategemea mwenye mbwa akumbuke chanjo kila mwaka. Sikutaka mchezo ulete sindano. Bakuli la maji lingetosha.

Ndiyo maana nilishangaa kwamba utunzaji wenyewe niliukuta kwa jini la angani.

Ghast ni zimwi jeupe linaloelea kwenye Nether, ile nchi ya moto chini ya dunia. Lina mikono inayoning'inia kama ya pweza, linakurushia mipira ya moto huku likilia kama paka (sauti hizo kweli zilirekodiwa kutoka kwa paka wa mtunzi wa muziki wa mchezo). Miaka mingi lilikuwa adui tu. Juni 2025 wakaleta kitu kipya: ukizunguka bonde la mchanga wa roho, sehemu moja ya Nether hiyo, kando ya mifupa ya kale, unaweza kukuta kipande kikavu chenye uso wa huzuni. Ni Ghast mdogo aliyekauka.

Mgonjwa huyo, kwangu mimi, ni ndama aliyehara siku tatu. Dawa yake ni ile ile: maji. Unambeba hadi duniani, unamweka ndani ya maji, unasubiri. Hubadilika taratibu, uso unaanza kuchangamka, na baada ya dakika 20 hivi anatoka mtoto anayeelea na kukufuata kila uendako. Akiwa nchi kavu haendelei, lazima awe majini. Kisha anahitaji kukua, dakika 20 nyingine, na chakula chake ni matonge ya theluji, yanayomharakisha. Sisi wa Nakuru theluji tunaijua kwa mvua ya mawe ya Molo, kwa hiyo safari ya kwenda kuitafuta kwenye baridi nayo ni sehemu ya kazi. Akishakuwa mkubwa unamshonea matandiko: ngozi tatu, vioo viwili, sufu moja. Ndipo anabeba watu, hadi wanne kwa pamoja, angani.

Mpwa wangu alikaa kando ya lile dimbwi muda wote ule. Mtoto asiyeweza kusubiri chai ipoe alikuwa anaangalia uso wa kipande kikavu kama umebadilika. Alipotoka yule mdogo hakuenda kujenga ghorofa, alienda kutafuta theluji. Sijawahi kumwona hivyo na mbwa wake wa mlangoni, na simlaumu, mbwa hakumdai chochote.

Mwendo wa Ghast ni wa mkokoteni uliopakia, kwa hiyo asiye na subira atarudi kwa farasi. Kwangu si dosari. Ukiwa juu unaona mashamba yako, mto, punda wako mdogo kule chini, na ukisimama mgongoni pake bila kumwendesha anatulia ili ufanye kazi, hata kama unajenga paa.

Wengine kwa ufupi. Allay ni kijiumbe cha buluu chenye mabawa, unakipa kitu kimoja na kinakwenda kukuokotea vya aina hiyo. Kinafaa kwa mkulima mvivu. Aksolotli unambeba kwenye ndoo, akiumia vitani hujifanya amekufa huku akipona, na wa kweli wanakaribia kutoweka kwao Xochimilco, Mexico. Lama hutema mate. Basi.

Kuhusu kununua: lipia ile halali kwenye duka la programu la simu yako. Unalipa mara moja, masasisho kama hili la Ghast yanakuja bila malipo, na ukishaipakua unacheza peke yako bila bando. Mkiwa kwenye Wi-Fi moja mnaweza kuingia dunia moja, na ndivyo sisi hupanda Ghast watu watatu. Nakala za wizi wanazokuwekea vibandani mjini mara nyingi ni za zamani, utatafuta Ghast wa kufugwa mpaka uchoke. Na kama simu yako ni ndogo kama yangu, kabla ya kupaa ingia kwenye mipangilio upunguze umbali wa kuona, la sivyo simu inapata moto na unaruka juu ya ardhi ambayo bado haijajitokeza.