FamilySearch na babu wa kijijini: nzuri kwa kutunza, haba kwa kutafuta

FamilySearch ni huduma ya bure ya kumbukumbu za ukoo, kwenye tovuti na kwenye simu. Inaendeshwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo waumini wake hufanya ibada za hekaluni kwa ajili ya jamaa zao waliofariki. Jambo hili familia ielezwe kabla ya kuanza.

Mkulima wa Uingereza wa mwaka 1851 utampata kwenye sensa, na mke na watoto wake chini yake. Mkulima wa Songea au Lushoto mara nyingi hatokei kabisa, kwa kuwa enzi za mkoloni uandikishaji wa vizazi na vifo haukuwa wa lazima kwa Waafrika wengi wa vijijini. Kwa hiyo usipoteze bando kuandika jina lake mara ishirini. Fungua katalogi, yaani orodha ya nyaraka zilizomo, tafuta kwa mahali, na ujaribu tahajia za Wajerumani pia: Moschi, Muansa, Wilhelmstal kwa Lushoto, Neu-Langenburg kwa Tukuyu. Baadhi ya picha za nyaraka hufunguka tu kwenye vituo vya historia ya familia vya kanisa hilo.

Kinachovuruga zaidi ni nafasi ya jina la ukoo. Juma Salehe Mbwana ni mwana wa Salehe, mjukuu wa Mbwana. Jina la tatu linabadilika kila kizazi. Ukiwajaza wote “Mbwana”, programu itakuletea watu wasiokuhusu. Mwandike kila mmoja alivyoitwa, kisha jina la nyumbani, la utani na la ubatizo yaingie kwenye sehemu ya majina mengine. Hakikisha pia “baba” aliyetajwa si baba mdogo, maana kosa hilo huhamisha mlango mzima wa ukoo.

Tarehe hailazimishi siku kamili. Mzee akisema marehemu alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi wakati wa Majimaji, mkadirie miaka 7 hadi 12 katika 1905–1907: amezaliwa kati ya 1893 na 1900. Andika hivyo hivyo, na sababu yake kwenye maelezo. Ukiweka 1896 tupu, mjukuu atakayekuja ataiamini kama cheti.

Penye thamani hasa ni sauti. Unaweza kuambatanisha rekodi kwenye ukurasa wa marehemu, na kwa hili tu huduma inastahili nafasi kwenye simu yako. Faili moja lihusu mtu mmoja, dakika chache, redio imezimwa. “Alizaliwa lini?” huzaa kimya. Uliza mahari ilikuwa nini na nani aliipokea: aliyeipokea ndiye anayekupeleka kwa wajomba. Uliza amezikwa ubavuni mwa nani.

Kama alibatizwa, programu haichukui nafasi ya safari ya parokiani. Kwenye daftari la ubatizo la Kikatoliki Yohana anaweza kuwa Joannes, na mtu mzima akaandikiwa “circiter 20”, yaani yapata miaka 20. Usifunge daftari kabla ya kusoma pambizo: humo huandikwa ndoa, mara nyingi na jina la mwenza na parokia waliyofungia. Omba ruhusa ya paroko, upige picha mstari pamoja na vichwa vya safu.

Tahadhari moja. Ukurasa wa marehemu ni wa wote, na mtumiaji yeyote anaweza kuubadilisha. Walio hai hufichwa. Basi usitaje siri za walio hai ndani ya simulizi za marehemu, na bonyeza kufuatilia kila ukurasa uliofungua ili upate taarifa mtu akiubadilisha. Nakala ya kila rekodi ibaki kwenye kadi ya kumbukumbu, na utambulisho wa marehemu wenye herufi na tarakimu uandikwe kwa kalamu kwenye daftari la ukoo, pembeni ya jina lake.