Muvi ninazoziweka nyumbani zikifika zamu zangu

Sebuleni kwetu muvi haiangaliwi kwa macho peke yake. Mama anachambua mchele, dada anapiga pasi sare za watoto, mimi mguu mmoja uko jikoni. Kwa hiyo muvi inayotaka usome maandishi ya chini mwanzo mwisho, hata iwe imesifiwa vipi, kwetu haifiki mbali. Muda si mrefu mama anauliza, "Kasema nini huyo?" na tangu hapo mimi ndiye mkalimani. Zile zilizotafsiriwa kwa sauti zina wenyewe tangu enzi za Lufufu, yule mtafsiri maarufu wa muvi, na mama ni mmoja wao. Mimi zinanichosha. Sauti moja inakuwa baba, mtoto na jambazi, na stori ikipoa kidogo tu mtafsiri anachomekea utani wake. Nikipewa rimoti, basi, naanzia kwenye muvi zinazoongea Kiswahili zenyewe.

Ninayompa kila mtu ni Supa Modo ya Kenya, ya 2018, iliyoongozwa na Likarion Wainaina. Jo ni binti wa miaka tisa, anaumwa ugonjwa usiopona, na mama yake anamtoa hospitali amrudishe kijijini. Kichwa cha mtoto kimejaa Jackie Chan na mashujaa wenye nguvu za ajabu. Dada yake, Mwix, anaamua kumfanya aamini kuwa na yeye anazo nguvu hizo, na taratibu kijiji kizima kinaingia kwenye mchezo. Kuna mechi ya mpira ambapo Jo anasimamisha muda: wachezaji wanaganda walivyo, kila mtu na pozi lake, naye anapita katikati yao. Watoto wetu walicheka. Mama aliweka ungo chini, akawa anaangalia wale watu wazima waliokubali kusimama kama sanamu kwa ajili ya mtoto wa mwenzao. Stycie Waweru, aliyecheza kama Jo, halazimishi huruma hata kidogo. Muda mwingi ni mtundu tu. Humo ndani kuna Kikuyu na Kiingereza pia, lakini sura ya yule binti inajieleza. Kasoro yangu moja: mama mtu ni mkunga, anayepokea watoto wa wengine huku wake anamponyoka, na hapo mimi ningekaa zaidi. Wao wamepita haraka. Lakini muvi nzima ni dakika 74, hata anayelala mapema anaimaliza.

Nairobi Half Life ya 2012, ya David "Tosh" Gitonga, subirini watoto walale. Si utani. Mwas ni kijana wa kijijini anayeuza DVD kwa kuigiza muvi zenyewe mbele ya wateja, anakwenda Nairobi akawe mwigizaji, na siku ya kwanza tu jiji linamkomba. Anatupwa mahabusu, na kile choo cha mle ndani, nakuomba usiwe unakula. Baadaye mchana yuko kwenye mazoezi ya jukwaani, usiku yuko na majambazi. Sheng yao inamtoa jasho Mbongo, ingawa ukiipa sikio muda inakaa sawa. Joseph Wairimu alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kiume kwenye tamasha la Durban kwa kazi hii, na mimi sina neno.

Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, naiweka kwa ajili ya masikio. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950: Yasmin amemkimbia mume aliyeozeshwa, Denge yuko kwenye harakati za kumng'oa mkoloni. Kiswahili chake ni cha Unguja, hakina haraka, na mama anakifurahia kuliko hata mapenzi yao. Ukiwa umesoma kitabu utalalamika, maana mengi yameachwa. Halafu ina vivuli vingi sana. Ukiiangalia mchana madirisha wazi utajiona mwenyewe kwenye kioo cha TV. Funga pazia.

Moja inavunja utaratibu wangu wote: Queen of Katwe ya 2016, ya Mira Nair, Kiingereza kitupu. Ni habari ya kweli ya Phiona Mutesi, binti wa Katwe, Kampala, aliyefundishwa chesi na Robert Katende. Lupita Nyong'o ni mama mtu, na ukali wake kila mama wa uswahilini anautambua bila kutafsiriwa. Ikiisha msizime: watu halisi wanatokea mmoja mmoja kusimama pembeni ya waigizaji waliowaigiza, na kwetu hapo ndipo mabishano ya nani kafanana na nani yanapoanza. Ni ndefu, inapita saa mbili, kwa hiyo sisi tunaianza kabla ya chakula cha usiku.